MNARA TUNAUSIKIA, LAKINI JE, WENYEWE UNATUSIKIA?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walinena kweli, wala mimi si wa kuwapinga. Lakini ndugu msomaji, hebu leo tuigeuze methali hiyo kichwa chini miguu juu. Je, mkuu asiyesikia la mdogo, ni nani huvunjika guu? Katika makala haya nitakueleza habari za mkuu mmoja mrefu, mwembamba, asiyelala usiku wala mchana, ambaye sisi sote tunamsikia lakini mara nyingine yeye hatusikii. Mkuu huyo ni mnara wa simu.

Sikuichagua mada hii ili nionekane mjuzi. Ilinichagua yenyewe, tena usiku wa manane.

YALIYOTUPATA

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili. Mimi, mama na mdogo wangu wa miaka minne tulikuwa tumemtembelea nyanya huko Murang'a. Wanaoijua Murang'a wanajua kwamba nchi hiyo ni migongo na mabonde, migongo na mabonde, kama shuka lililokunjamana. Nyumba ya nyanya iko chini kabisa, karibu na kijito. Mnara wa simu uko kule juu, mgongo wa pili.

Mdogo wangu ana pumu. Usiku huo baridi ilikuwa kali, na mwendo wa saa saba hivi kifua chake kikaanza kulia kama filimbi. Mama akakimbilia kile kichupa cha kuvuta dawa. Kumbe kilikuwa kimekwisha! Mtoto alivuta pumzi kwa taabu hadi mbavu zikawa zinahesabika. Nyanya akasema, "Mpigieni mjomba wenu aje na pikapu."

Mama akapiga. Simu ilikuwa inaonyesha vijiti vitatu vya mtandao, yaani si mbaya hata kidogo. Mjomba akapokea mara moja. Sauti yake tuliisikia safi, kana kwamba amesimama mlangoni: "Haloo? Haloo! Nani? Mbona husemi?" Mama alisema, akasema tena, mwishowe akapiga kelele hadi kuku wakaamka. Mjomba alikuwa anarudia tu, "Sikusikii! Nasikia mikwaruzo!" Mara tatu mama alipiga, mara tatu ikawa vivyo hivyo.

Mimi nikachukua simu nikaandika ujumbe, vidole vikitetemeka: "Mtoto mgonjwa. Njoo na gari sasa". Bila shikamoo, bila salamu, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea karipio. Simu ikasema inatuma... inatuma... inatuma... kisha ikasema umetumwa. Baada ya muda tukaona taa za pikapu zikishuka mteremko. Mtoto akafikishwa hospitalini, akapewa hewa na dawa, na leo hii ninavyoandika yuko nje anavunja chaki zangu.

Lakini swali lilinibakia moyoni kama mwiba. Simu yetu ilimsikia mjomba vizuri. Vijiti vilikuwa vitatu. Kwa nini basi sauti ya mama haikufika, na ujumbe wangu ukafika? Shule ilipofunguliwa nilimpelekea swali hilo mwalimu wetu wa fizikia, kisha nikasoma vitabu na magazeti kadhaa ya sayansi. Haya ndiyo niliyoyapata.

NJIA MBILI, WALA SI MOJA

Wengi wetu tunafikiri mawasiliano ya simu ni barabara moja. Sivyo. Ni njia mbili: njia ya kushuka, kutoka mnarani hadi kwenye simu, na njia ya kupanda, kutoka kwenye simu hadi mnarani. Njia hizi hazilingani hata kidogo.

Fikiria gwaride letu la Jumatatu asubuhi. Naibu wa mwalimu mkuu anasimama juu ya jukwaa na kipaza sauti. Hata ukiwa mstari wa nyuma kabisa, utamsikia. Sasa wewe wa nyuma, tena una mafua, jaribu kumjibu kwa sauti yako ya kawaida. Atakusikia kweli? Mnara ndio naibu wa mwalimu mkuu. Unakula umeme mwingi, na unaweza kurusha mawimbi kwa nguvu za wati 20, 40 au zaidi. Simu ya kisasa ya 4G hairuhusiwi kupita takriban wati 0.2. Chukua 40 ugawanye kwa 0.2, utapata 200. Mkubwa ana sauti mara mia mbili ya mdogo!

Utauliza, si simu zingeongezewa nguvu tu? Haiwezekani kirahisi. Kwanza betri ingekwisha upesi. Pili, simu inakaa sikioni na mfukoni, na nguvu za mawimbi yake zimewekewa mipaka kwa ajili ya usalama wa mwili. Tatu, simu zote zikipiga kelele, zitaharibiana mazungumzo, kama darasa lisilo na mwalimu.

Sasa sikiliza siri ambayo ilinishangaza sana. Vile vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu vinapima jinsi simu inavyousikia mnara. Havipimi jinsi mnara unavyoisikia simu! Kwa hiyo vijiti vitatu vilikuwa vinasema kweli, ila vilikuwa vinajibu swali jingine kabisa, si lile tulilouliza sisi usiku ule.

Isitoshe, njia hizo mbili hutumia masafa tofauti. Katika mtandao wa GSM wa kawaida, simu hupanda kwa masafa ya megahatzi 890 hadi 915, na mnara hushuka kwa 935 hadi 960. Wataalamu waliipa simu masafa ya chini makusudi, kwa sababu mawimbi ya masafa ya chini hupotea kidogo zaidi njiani. Ni kama kumpa mtoto mdogo mzigo mwepesi. Lakini kwa kuwa masafa ni tofauti, mahali panapofaa kwa kusikia si lazima pafae kwa kusikika.

Hapa ndipo somo letu la mawimbi linapotusaidia. Tulifunzwa kwamba kasi ni sawa na masafa mara urefu wa wimbi. Kasi ya mawimbi ya redio ni mita 300,000,000 kwa sekunde. Gawanya kwa masafa ya 900,000,000, utapata theluthi moja ya mita, yaani kupita kidogo rula ya sentimita 30. Wimbi likitoka kwenye simu hugonga mlima, bati na miti, likafika mnarani kwa njia nyingi. Mawimbi hayo yakikutana kilele kwa kilele huongezana. Yakikutana kilele kwa bonde huuana. Kwa hiyo ukiisogeza simu hata nusu ya rula tu, unaweza kutoka mahali pa kimya ukaingia mahali pa kelele. Ndiyo maana watu wazima huzunguka uani wakisema "haloo, haloo". Tusiwacheke, wanafanya fizikia bila kujua.

HARAKA HARAKA AU NGOJA NGOJA?

Tumeelewa kwa nini sauti ya mama haikufika. Lakini mbona ujumbe ulifika, ilhali ulipita katika bonde lile lile na kwa simu ile ile?

Jibu limo katika methali mbili zinazogombana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila mwalimu wa Kiswahili anazijua zote mbili, na kila mhandisi wa mitambo ya simu analala akiziota.

Sauti ya mtu ikiingia kwenye simu hukatwakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa kila sekunde. Kila kipande lazima kifike kwa wakati wake. Kikichelewa hakina faida tena, maana maneno yanayofuata tayari yamefika. Utafanya nini na silabi ya "mto" inayofika baada ya sentensi kwisha? Kwa hiyo kipande kilichoharibika au kuchelewa hutupwa, na msikilizaji husikia pengo au mkwaruzo. Sauti haina subira.

Ujumbe mfupi ni mtu mwingine kabisa. Simu huutuma kisha husubiri mnara ujibu, "Nimepokea." Isipojibiwa, hutuma tena, na tena. Ndiyo yale "inatuma... inatuma..." yaliyokuwa yananikata maini. Ukishafika kituoni huhifadhiwa hadi mwenyewe aupate. Ujumbe una subira, na subira huvuta heri.

Basi hilo ndilo tatizo lenyewe. Ukitaka uhakika, unarudia, ukirudia, unachelewa. Ukitaka wepesi, huna muda wa kurudia, usiporudia, unapoteza. Kazi ya wataalamu kwa zaidi ya miaka hamsini imekuwa kutafuta jinsi ya kupata vyote viwili kwa pamoja.

FAHALI WENGI ZIZI MOJA

Kabla ya kufikia dawa, tutazame ugonjwa wa pili. Mnara haumsikilizi mtu mmoja. Unasikiliza mamia. Kwa njia ya kushuka hakuna shida, kwa sababu msemaji ni mmoja, naye hujipangia. Lakini kwa njia ya kupanda, wasemaji ni wengi na hawaonani. Wawili wakisema kwa wakati mmoja na kwa masafa yale yale, mnara husikia uji.

Mtu aliyelikabili jambo hili mapema ni Profesa Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hawaii ni visiwa vya Marekani katikati ya bahari ya Pasifiki. Chuo kilikuwa na tarakilishi kubwa katika kisiwa kimoja, na watumiaji wengine walikuwa visiwa vingine. Mwaka 1971 walianza kutumia redio, wakauita mtandao wao ALOHA, neno ambalo kule ni salamu. Kanuni yake ilikuwa rahisi ajabu: ukiwa na neno, sema. Usipojibiwa, jua umegongana na mwenzako. Subiri kidogo, kwa muda wa kubahatisha, kisha sema tena. Kwa nini kubahatisha? Kwa sababu nyote mkisubiri muda ule ule, mtagongana tena!

Kanuni hiyo ilifanya kazi, ila kwa gharama kubwa. Hesabu zinaonyesha kwamba hata mambo yakiwa mazuri kabisa, ni asilimia 18 tu ya muda wa njia hiyo inayobeba ujumbe unaofika. Baadaye, mwaka 1972, Lawrence Roberts alipendekeza muda ukatwe vipande sawa, na kila mtu aanze kusema mwanzoni mwa kipande, si katikati. Kwa badiliko hilo dogo tu, asilimia 18 ikawa karibu 37. Yaani nidhamu ya kengele iliongeza faida mara mbili! Walimu wetu wa zamu watafurahi kusoma hapa.

Hata leo, simu ya GSM inapotaka kuanza mazungumzo hubisha hodi kwa mtindo huo huo wa Hawaii. Baada ya hodi, mambo huwa kama darasani: unainua mkono, mwalimu anakuona, anakutaja, ndipo unasema. Hakuna kugongana. Lakini angalia muda unaopotea. Katika 4G, simu yaweza kupangiwa zamu ya kuinua mkono mara moja tu katika kila milisekunde 10. Ikishapewa ruhusa, husubiri milisekunde 4 kabla ya kutuma. Mnara ukishindwa kusoma, marudio hutumwa milisekunde 8 baada ya yale ya kwanza. Kwa mtu anayetuma picha, hayo si kitu. Kwa mashine inayotaka kusimamishwa kabla haijamkata mtu mkono, hayo ni mengi.

DAWA ZILIZOPATIKANA

Dawa ya kwanza ni kujikinga kabla ya kuumia. Tuseme herufi moja kati ya 10 huharibika njiani. Badala ya kutuma A, tuma A A A, na mpokeaji afuate wengi. Atakosea tu ikiwa mbili au zote tatu zimeharibika. Chora mchoro wa mti kama tulivyofunzwa katika somo la uwezekano: mara tatu 0.1 mara 0.1 mara 0.9, ujumlishe 0.1 mara 0.1 mara 0.1. Jibu ni 0.028. Makosa 100 katika kila 1,000 yamekuwa 28. Lakini tumelipa, kwani tumetumia muda mara tatu.

Kuna werevu wa kupunguza malipo hayo. Mwaka 1950 Richard Hamming wa Marekani alionyesha kwamba biti 4 zikiongezewa biti 3 tu za ulinzi, kosa lolote moja kati ya hizo 7 huweza kutambuliwa na kusahihishwa, bila kuuliza aliyetuma. Mwaka 1962 mwenzake Robert Gallager alichapisha mbinu iliyo bora zaidi, lakini mitambo ya wakati huo haikuiweza kwa sababu ya hesabu zake nyingi. Ikakaa kabatini zaidi ya miaka thelathini! Leo mbinu hiyo ndiyo inayolinda data katika 5G. Ama kweli, mchumia juani hulia kivulini, ingawa kivuli chenyewe huchelewa kufika.

Dawa ya pili ni kutotupa kilichoharibika. Zamani ujumbe ulioharibika ulitupwa, na mpya ukaombwa. Sasa mnara huhifadhi ule mbovu, na marudio yakija, hata nayo yakiwa mabovu, huunganisha yote mawili. Ni kama kupata nakala mbili za daftari zilizoliwa na panya. Panya hakula pale pale katika zote mbili. Ukiziweka pamoja unasoma somo zima. Akiba haiozi, hata ikiwa imetobolewa.

Dawa ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni masikio mengi. Tulisema mawimbi yakikutana vibaya huuana. Lakini yanapouana katika antena moja, huenda yakaongezana katika antena nyingine iliyo kando. Tuseme antena moja hushindwa kusikia mara 1 kati ya 10. Weka mbili zilizoachana vya kutosha, zote zitashindwa pamoja mara 1 kati ya 100. Weka tatu, mara 1 kati ya 1,000. Weka tano, mara 1 kati ya 100,000! Na uzuri wake ni huu: masikio yote husikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna muda unaopotea. Uhakika umeongezeka bila kuchelewa. Sharti ni kwamba antena zisianguke kwa sababu moja. Zote zikiwa nyuma ya mlima mmoja, wingi wake hautafaa kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata vidole kumi havivunji chawa asiyeonekana. Minara ya kisasa ya 5G huweza kuwa na antena ndogo 64 katika ubao mmoja.

Dawa ya nne ni heshima. Aliye karibu na mnara apunguze sauti ili aliye mbali asikike. Katika mitandao ya 3G mnara huiambia kila simu "punguza" au "ongeza" mara 1,500 kwa sekunde. Laiti ingekuwa hivyo katika bweni za wenzetu na matatu zetu!

Dawa ya tano ni kukata muda vipande vidogo zaidi na kupunguza kuomba ruhusa. Kipande cha 4G ni milisekunde 1. Katika 5G kipande huweza kuwa nusu ya hiyo, robo yake, au hata milisekunde 0.125. Aidha, simu au mashine yenye kazi nyeti huweza kupewa ruhusa ya kudumu: nafasi hii ni yako, ukiwa na neno sema, usiinue mkono. Ni kama mwanafunzi mgonjwa ambaye mwalimu amekwisha kumwambia, "Ukijisikia vibaya toka tu, usiniombe." Na katika kanuni zilizokamilika mwaka 2020, mwenye kubisha hodi anaweza kubisha huku akisema shida yake papo hapo: hodi na habari katika pumzi moja. Kubadilishana maneno mara nne kumekuwa mara mbili.

LENGO LAO NA LETU

Mwaka 2017 chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia mawasiliano, ITU, kiliweka lengo kwa ajili ya 5G: ujumbe wa baiti 32 ufike ndani ya milisekunde 1, na ufaulu mara 99,999 kati ya 100,000. Hiyo ni kwa mashine za viwandani, magari, mitambo ya umeme na hata matibabu. Mnamo Septemba 2001, daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, alimtoa nyongo mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kuongoza mikono ya mashine kutoka ng'ambo ya bahari. Kuchelewa kwa wastani kulikuwa milisekunde 155. Lakini hawakuthubutu kutumia hewa. Walipitisha ishara katika kebo. Kazi ya wataalamu wa leo ni kuifanya hewa iaminike kama kebo.

Msomaji mwenzangu, baiti 32 ni nini? Ni herufi 32, ukihesabu nafasi na vituo. Siku moja nikakaa nikauhesabu ule ujumbe wangu wa usiku: "Mtoto mgonjwa. Njoo na gari sasa". Hesabu nawe kwa kidole. Ni 32 kamili! Nilinyamaza kwa muda mrefu. Kumbe ule ujumbe mdogo ambao mataifa yanataka ufike ndani ya milisekunde moja kwa ajili ya mashine, ndio huo huo tulioungoja sisi mtoto akikosa pumzi.

Kwetu Kenya, huduma ya 5G ilifunguliwa kwa wateja mwaka 2022. Ni jambo la fahari. Hata hivyo, naomba kuuliza kwa adabu: milisekunde moja ya kiwandani itamfaa nini nyanya aliye bondeni, ikiwa mnara wa karibu hauisikii simu yake? Werevu wote nilioutaja hauvuki mlima. Njia ya kupanda husaidiwa kwanza na ukaribu. Mahali palipo wazi, umbali ukipungua kwa nusu, nguvu inayofika huwa mara nne. Mnara mmoja mdogo juu ya shule ya kijiji, wenye masikio mawili au manne, ungefanya zaidi ya mnara mkubwa mwenye kelele ulio mbali. Tusihesabu tu ni watu wangapi wanausikia mnara. Tuhesabu pia ni wangapi mnara unawasikia.

YA KUSHIKA MKONONI

Kabla sijaweka kalamu chini, nakuachia mambo machache ya kukufaa mpaka hapo minara itakapotukaribia.

Kwanza, ukisikia lakini husikiki, usipige kelele. Kelele haiongezi nguvu za mawimbi hata chembe. Sogea hatua moja, panda mahali pa juu, au toka nje ya nyumba ya bati.

Pili, usiifunike simu yote kwa kiganja. Antena imo ndani yake, na mkono wako hunywa mawimbi.

Tatu, jambo la dharura likigoma kwa sauti, liandike kwa ufupi ulitume. Sauti haina subira, ujumbe unayo.

Nne, ukituma pesa kwa simu na jibu likachelewa, usirudie haraka. Huenda pesa zimekwisha kufika na ni jibu tu lililokwama. Angalia salio kwanza, usije ukalipa mbuzi mmoja mara mbili.

Tano, ijue nambari 112. Simu za GSM zimeundwa ili wito wa dharura kwa nambari hiyo uweze kupita katika mtandao wa kampuni nyingine iliyo karibu, hata kama si yako.

Na la mwisho ni kwa wenzangu wanaosema kwamba fizikia na hisabati ni za kufaulia mtihani tu. Mimi nilikuwa mmoja wenu. Sasa najua kwamba mchoro wa mti na rula ya sentimita 30 vilikuwa bondeni pamoja nasi usiku ule, ila hatukuwatambua wageni wetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huenda atakayeufanya mnara umsikie nyanya yangu yuko hapa hapa shuleni, amekaa dawati la nyuma, na bado hajainua mkono.

Kiswahili kitukuzwe, na sayansi isemwe kwa Kiswahili. Wasalaam.